Uchumi wa majaribio: safari ya Michael Kremer, mwalimu wa zamani wa Kenya aliyefika hadi Nobel

Mtoto asiye na kitabu darasani, ukimpa kitabu atafaulu zaidi. Nani angebisha? Michael Kremer naye hakuwa na sababu ya kubisha alipofika Busia, magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wa Uganda, katikati ya miaka ya 1990. Ila alitaka kuona kwa hesabu. Mwaka 1996 vitabu vikagawiwa katika shule 25 za msingi kati ya shule 100 zilizochaguliwa. Shule nyingine zikangoja zamu yao. Mitihani ikatolewa kotekote, karatasi zikasahihishwa, na jibu likashangaza: kwa mwanafunzi wa kawaida, vitabu havikubadilisha chochote.

Waliofaidika walikuwa wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Wengine walibaki walipokuwa, na sababu haikuwa ngumu kuiona baada ya kuitafuta. Vitabu vile vya serkali viliandikwa kwa Kiingereza. Kwa watoto wengi wa Busia, Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto alishika kitabu mkononi lakini hakuweza kukisoma. Mzazi wa Bukavu au Kalemie ambaye mtoto wake anatoka shuleni na daftari lililojaa Kifaransa asichoelewa hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kazi ya namna hiyo, ya kuuliza swali dogo na kulipima shuleni, hospitalini au shambani, ndiyo iliyompa Kremer tuzo ya Nobel ya uchumi tarehe 14 Oktoba 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, mume na mke waliokuwa wakifundisha wakati huo katika chuo cha MIT. Watatu hao walituzwa kwa kuuchunguza umaskini wa dunia kwa njia ya majaribio.

Kutoka chumba cha darasa hadi kijijini

Uchumi wa majaribio haukuanzia Busia. Kwa muda mrefu wachumi waliamini kwamba wao si kama wanakemia; hawawezi kuiweka jamii ndani ya chupa na kuitikisa. Aliyewatoa katika imani hiyo ni Vernon Smith, mtoto wa Kansas aliyesomea kwanza umeme kabla ya kuhamia uchumi. Mwaka 1956, akiwa mwalimu kijana katika chuo kikuu cha Purdue huko Indiana, aliwagawa wanafunzi wake kuwa wauzaji na wanunuzi. Kila muuzaji alipewa kwa siri bei ambayo hawezi kushuka chini yake, na kila mnunuzi bei ambayo hawezi kuipita. Wakaachwa wapigiane kelele. Smith alitarajia vurugu. Badala yake bei ikatulia upesi karibu kabisa na pale ambapo nadharia ya vitabu ilisema itatulia, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyejua siri za wenzake.

Mama yeyote anayeuza samaki katika soko la Kadutu angemwambia hivyo bila kulipwa. Lakini sayansi hutaka ushahidi, na Smith alipata Nobel kwa ushahidi huo mwaka 2002, pamoja na mwanasaikolojia Daniel Kahneman.

Tofauti ya Kremer ni kwamba alilitoa jaribio nje ya chumba. Hakuwapa wanafunzi wa chuo kadi za kuchezea. Alikwenda mahali ambapo mtoto mwenyewe, mwalimu mwenyewe na mzazi mwenyewe wanaishi, na kitu kinachopimwa ni kitu cha kweli: kidonge, kitabu, mbolea, maji.

Alizaliwa New York mwaka 1964. Alipomaliza masomo yake ya kwanza katika chuo cha Harvard mwaka 1985 hakuenda benki wala ofisini. Alikwenda Kenya kufundisha katika shule ya sekondari huko Kakamega, na akakaa mwaka mzima. Baadaye alisaidia kuanzisha WorldTeach, shirika la kupeleka walimu wa kujitolea katika nchi maskini. Ndipo akarudi Harvard, akapata udaktari wa uchumi mwaka 1992, akafundisha MIT, kisha Harvard tena kuanzia 1999.

Inafaa kusema kwamba jina lake lilianza kujulikana kwa kazi ya karatasi na kalamu, mbali na vijiji. Mwaka 1993 alichapisha nadharia aliyoiita ya O-ring, jina la mpira mdogo wa kuzibia ambao kushindwa kwake kulilipua chombo cha angani cha Challenger mwaka 1986. Alisema kazi nyingi ziko hivyo: mnyororo wenye pete mia, pete moja ikikatika yote yamekwisha. Kwa hiyo fundi hodari akiwa katikati ya watu wasio na ujuzi, uhodari wake unapotea bure, na tofauti ndogo za ujuzi zinazaa tofauti kubwa sana za mshahara kati ya nchi na nchi. Wachumi wanaitaja nadharia hiyo hadi leo. Angeweza kubaki hapo, profesa wa nadharia mwenye ofisi nzuri.

Shule saba, au kumi na nne

Kilichombadilisha ni ziara ya kirafiki. Alirudi Kenya kutembea, akakutana na rafiki aliyekuwa akifanya kazi na shirika moja la Uholanzi lililosaidia watoto wa shule huko Busia. Shirika lilikuwa linatafuta shule saba za kusaidia. Kremer akatoa shauri: chagueni kumi na nne, pigeni kura, saba zisaidiwe sasa na saba baadaye. Hivyo mtajua kama msaada wenu unafanya kazi.

Shauri hilo linaonekana jepesi, na kweli ni jepesi. Lakini fikiria namna misaada inavyopimwa kwa kawaida. Mradi unafika, unachagua kijiji kilicho karibu na barabara, chenye chifu mchangamfu na mwalimu mkuu anayejua kuandika barua. Baada ya miaka mitatu wanapiga picha na kusema: tazameni, kijiji hiki kinaendelea kuliko jirani zake. Kingeendelea hata bila wao? Hakuna anayejua. Kura inaondoa shaka hiyo, kwa sababu waliopata na waliokosa hawakutofautiana kwa lolote isipokuwa bahati.

Jaribio la mabango ya ukutani lilionyesha jambo hilo waziwazi. Shule zilizokuwa zimejinunulia mabango ya kufundishia, yenye michoro na ramani, zilikuwa na alama nzuri kuliko zisizokuwa nayo. Mtu angesema mara moja: mabango yanasaidia. Kremer na wenzake wakachukua shule 178, nusu wakazipa mabango, nusu wakaziacha. Tofauti ikatoweka. Shule zilizokuwa na mabango mwanzoni zilikuwa tu shule zenye uwezo, zenye walimu bora na wazazi wenye pesa. Bango halikuwa na kazi yoyote ndani yake.

Kisha yakaja majaribio ya walimu. Katika shule 50, walimu waliahidiwa zawadi kama wanafunzi wao wangefanya vizuri katika mitihani. Alama za mitihani ile zilipanda. Lakini walimu hawakuongeza siku za kufika shuleni. Waliongeza vipindi vya kuwanoa watoto kwa ajili ya mtihani, na programu ilipokwisha faida haikudumu. Kwetu, ambako kwa miaka mingi mshahara wa mwalimu ulitoka mifukoni mwa wazazi kwa jina la prime, matokeo hayo yangestahili kusomwa na kila anayepanga mishahara ya shule.

Minyoo

Jaribio lililomfanya ajulikane kote lilikuwa la minyoo. Wilaya ya Busia inapakana na ziwa Victoria, na watoto wengi walikuwa na minyoo ya tumboni au kichocho. Kremer na mwanafunzi wake wa zamani Edward Miguel walichukua shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Walizipanga kwa herufi za majina, wakazihesabu moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, na kila shule ikaingia katika kundi lake. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa mwaka 1998, la pili mwaka uliofuata, la tatu mwaka 2001.

Utoro ulipungua kwa robo nzima. Na si kwa waliomeza dawa peke yao. Hata watoto wa shule jirani ambazo hazikupewa kitu walikosa masomo mara chache zaidi kuliko zamani, kwa sababu minyoo hupita kutoka mtoto mmoja hadi mwingine, na wakipungua wanaoieneza kila mtu anapumua. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda. Kremer na Miguel waliandika hilo pia bila kulificha walipochapisha utafiti wao mwaka 2004.

Likafuata swali la pesa. Mashirika mengi wakati ule yalisema dawa ya bure inaharibu watu. Mzazi alipe kidogo ili aithamini. Katika baadhi ya shule za Busia wazazi wakaombwa kuchangia kiasi kidogo, chini ya dola moja. Pale dawa ilipokuwa bure, karibu robo tatu ya watoto walikunywa. Pale palipokuwa na mchango, hawakufika hata mmoja kati ya watano. Wazazi wale hawakuacha kuwapenda watoto wao. Lakini mnyoo hauonekani, njaa inaonekana, na senti moja ikipungua nyumbani kitu kisichoonekana ndicho kinachoachwa kwanza.

Tangu hapo Kremer na wenzake wamekuwa wakisukuma serkali kutoa dawa hiyo bure shuleni. Kenya iliifanya kuwa programu ya taifa, na India nayo ikaanzisha siku yake ya taifa ya dawa ya minyoo mwaka 2015.

Si kwamba wote walikubali. Mwaka huo huo wa 2015 watafiti wa London walizirudia hesabu za Busia na kukuta makosa, hasa katika kupima faida ya shule za mbali. Ugomvi ukawaka kati ya wachumi na waganga, na haujazimika kabisa: wapo waganga wanaoona ushahidi kwamba kutibu shule nzima kunamsaidia kila mtoto bado ni hafifu. Kremer na Miguel walikubali makosa ya hesabu, wakasema msingi wa matokeo unasimama. Mwaka 2021 walichapisha jambo jingine: waliwafuata watoto wale hadi utu uzima, miaka 20 baadaye, na wale waliopewa dawa kwa miaka zaidi walikuwa wanapata kwa saa moja ya kazi pesa zaidi kwa karibu asilimia 13. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kumfuata mtu miaka 20 ili ujue kama ulimsaidia ni uungwana ambao miradi mingi haina.

Mbolea na chanjo

Ya mbolea tuyataje kwa ufupi. Wakulima wa mahindi wa magharibi mwa Kenya walijua kwamba mbolea inalipa, lakini wakati wa kupanda hawakuwa na pesa. Pesa ya mavuno ilikuwa imekwisha zamani kwa ada, msiba na harusi. Duflo, Kremer na Jonathan Robinson wakawatembelea mara tu baada ya mavuno na kuwaambia: nunua leo, tutakuletea bure hadi nyumbani. Matumizi ya mbolea yakapanda, karibu sawa na kama wangepunguziwa nusu ya bei baadaye. Programu iliitwa SAFI.

Kazi yake kuhusu chanjo ilikuwa ya namna nyingine, na imetufikia sisi moja kwa moja. Makampuni ya dawa hayapendi kutengeneza chanjo za magonjwa ya maskini kwa kuwa maskini hawana pesa za kununua. Kremer alipendekeza matajiri waahidi mapema, kwa mkataba, kwamba chanjo ikipatikana watainunua kwa bei inayojulikana. Mwaka 2009 nchi tano pamoja na mfuko wa Gates ziliweka dola bilioni 1.5 kwa ajili ya chanjo ya nimokoko, kidudu kinacholeta homa ya mapafu kwa watoto. Kongo ilianza kutoa chanjo hiyo mwaka 2011. Mama anayepeleka mtoto wake kwenye sindano katika kituo cha afya cha Uvira au Kolwezi hajasikia jina la Kremer, na hana haja.

Majaribio yalipofika Kongo

Njia hii haikuishia Kenya. Wachumi na wanasiasa wa kizazi kilichomfuata Kremer waliileta mashariki mwa Kongo, na wakaaji wengi wa Kivu ya Kusini, Maniema na Katanga ya zamani waliishi ndani yake bila kuitwa hivyo. Mradi uliitwa Tuungane. Ulianza mwaka 2007, ukalipiwa na Uingereza, ukaendeshwa na shirika la IRC katika vijiji zaidi ya elfu moja. Wakaaji walichagua kamati zao kwa kura, wakajadili wanataka nini, wakapewa pesa, wakajenga. Lengo lilikuwa zaidi ya majengo: kijiji kijifunze demokrasia, chifu azoee kuulizwa pesa zimekwenda wapi.

Kwa kuwa vijiji vyote havikuweza kuingia, walioingia walipatikana kwa kura. Watafiti watatu, Macartan Humphreys, Raúl Sánchez de la Sierra na Peter van der Windt, wakafanya kitu cha werevu ili kupima. Walikwenda katika vijiji 560, vya Tuungane na visivyo vya Tuungane, wakaahidi kila kimoja dola 1,000 bila masharti mengi, kisha wakatazama: nani anaamua? Mkutano unaitishwa? Pesa zinaishia kwa wakubwa?

Hakukuwa na tofauti. Majengo ya mradi yalikuwa yamesimama, lakini vijiji vilivyofundishwa demokrasia kwa miaka kadhaa vilizishughulikia pesa zile kama vijiji ambavyo havikufundishwa. Mradi ulikuwa umegharimu mamilioni mengi ya dola. Shirika liliyapokea matokeo na kuyaacha yatangazwe, na kwa hilo linastahili heshima. Mara ngapi umesoma ripoti ya mradi inayosema mradi haukubadilisha tabia za watu?

Huko Kasai, katika mji wa Kananga, jaribio jingine lilifanyika mwaka 2018 pamoja na serkali ya jimbo. Katika sehemu fulani za mji kodi ya nyumba ilikusanywa na maajenti wa serkali, katika nyingine na machifu wa mitaa. Machifu walikusanya zaidi: mapato yaliongezeka kwa asilimia 44, kwa sababu chifu anajua nani ana uwezo wa kulipa na nani hana. Machifu hao hao walipokea rushwa zaidi pia. Yote mawili yameandikwa katika ukurasa mmoja.

Je, ni haki kupiga kura?

Wapo wanaochukizwa na kazi hii. Mtoto ana minyoo, dawa ipo, na mzungu anasema shule yako ingoje miaka mitatu kwa ajili ya hesabu zake. Hasira hiyo ina uzito. Jibu la Kremer na wenzake ni kwamba pesa hazikutosha shule zote tangu mwanzo, kwa hiyo wapo ambao wangengoja kwa vyovyote. Kura haimpendelei binamu wa mkuu wa wilaya. Jibu hilo linakubalika pale upungufu unapokuwa wa kweli. Upungufu ukiwa wa kubuni, halikubaliki.

Angus Deaton, mshindi wa Nobel ya uchumi wa 2015, ana lawama tofauti. Anasema jaribio la Busia linatueleza kuhusu Busia. Haliambii mtu wa Kindu kitu mpaka ajue kwa nini lilifanya kazi kule. Minyoo ikiwa michache, dawa haitapunguza utoro. Kuna pia jambo ambalo wachumi wenyewe huligusa mara chache: vijiji vinavyopimwa ni vya Afrika, ilhali majina yaliyo juu ya karatasi mara nyingi ni ya Harvard na Chicago. Vijana wa Busia waliotembea kwa baiskeli wakiwahesabu watoto darasani hawakwenda Stockholm.

Kremer alihamia chuo kikuu cha Chicago mwaka 2020 na anaongoza huko maabara ya uvumbuzi wa maendeleo. Swali lake kubwa siku hizi ni maji. Katika vijiji vya magharibi mwa Kenya yeye na wenzake walijaribu kuweka tangi dogo la klorini pembeni ya chemchemi: unazungusha bomba, tone linaingia ndani ya bidoni, unajaza maji, unakwenda. Bure, na mbele ya majirani wanaokuona. Watu walitumia klorini mahali pale kuliko walipouziwa chupa dukani. Hesabu ambazo amezifanya na wenzake kwa kuunganisha tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kusafisha maji kunaweza kupunguza vifo vya watoto wadogo kwa kadiri ya robo au zaidi.

Kando ya ziwa Kivu, kipindupindu kinapozuka, wakaaji wa Goma wanawajua vijana wanaosimama ufukweni na sindano ya klorini, wakitia dawa katika kila bidoni la manjano linalopita. Kipindupindu kikipungua, pesa za kuwalipa hupungua pia, na vijana huondoka. Maji ya ziwa hubaki yale yale.